Je, wajua kwa nini wapanda miamba hubishana kila siku kuhusu ugumu wa njia?

Kaa chini ya jabali lolote ambalo watu hulipanda kwa kamba, utege sikio. Mtu anateremshwa, miguu inagusa ardhi, na hata fundo la kiunoni hajalifungua anauliza: "Nani aliiita hii 6b?" Aliyekuwa anamshikia kamba anacheka. "Mbona mimi niliiona 6a+ tu?" "Wewe nyamaza, mkono wako unafika juu ukiwa bado umesimama chini!" Hizo 6b na 6a+ ni madaraja ya ugumu: namba, herufi au alama ya + ikiongezeka, njia ni ngumu zaidi. Ubishi umeshaanza huo, na unaweza kuendelea mpaka kamba zikunjwe na watu washike njia ya kurudi.

Asiye mpandaji hushangaa. Urefu wa mwamba ukipimwa kwa mita hakuna anayebisha. Sasa inakuwaje watu wawili waliopanda mahali pale pale, asubuhi ile ile, washindwe kuafikiana juu ya ugumu wake?

Ni kwa sababu hakuna kifaa kinachopima ugumu. Namba unayoiona kwenye kitabu cha mwongozo imetoka vinywani mwa watu. Anayekuwa wa kwanza kuipanda njia hadi juu bila kuanguka wala kuning'inia kwenye kamba ndiye huipa jina na kupendekeza daraja, kwa kuilinganisha na njia nyingine alizowahi kuzipanda. Wanaomfuata hukubali, au husema amezidisha, au (mara chache zaidi) husema amepunguza. Maoni yakishatulia, namba inachapishwa, na ikishachapishwa ndipo watu wanapata cha kubishania. Kwa hiyo ubishi wa pale chini ya mwamba ni kazi halisi: ndio unaotengeneza namba yenyewe.

Tangu zamani watu walijaribu kuufungia ugumu ndani ya mipaka. Katika miaka ya 1920, Mjerumani Willo Welzenbach alipanga ngazi sita, ya sita ikiwa ndiyo ukomo wa uwezo wa binadamu. Binadamu hakusikia, na katika miaka ya 1970 ngazi ya saba ikabidi ikubaliwe rasmi. Wamarekani nao walifanya yao. Katika miaka ya 1950, wapandaji wa Tahquitz, kusini mwa California, waliigawa ngazi ya tano ya mfumo wao, yaani ile inayohitaji kamba, kuanzia 5.0 hadi 5.9, wakaona wamemaliza. Walipotokea watu wa kupanda njia ngumu kuliko hapo, ikazaliwa 5.10. Mwalimu wa hesabu afumbe macho: huku 5.10 ni kubwa kuliko 5.9, na leo namba zimefika 5.15d. Ila kabla 5.10 haijazoeleka, njia nyingi ngumu zilisukumiwa ndani ya 5.9 kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuziweka. Ndiyo maana mpandaji mzoefu akiona 5.9 ya zamani huvuta pumzi kwanza. Mwaustralia John Ewbank, katika miaka ya 1960, alikata mzizi wa fitina: namba nzima tu kuanzia 1, juu hakuna kifuniko.

Mifumo ikiwa mingi, mazungumzo nayo huchanganyika. Wanaopanda kwa kamba kwa mtindo wa Kifaransa huandika 6a kwa herufi ndogo. Wanaopanda mawe mafupi bila kamba, kwa mtindo wa Fontainebleau, msitu wenye mawe huko Ufaransa, huandika 6A kwa herufi kubwa. Kwa mdomo zinasikika sawa kabisa, lakini ile ya mawe ni ngumu zaidi kwa mbali. Mgeni anayejisifu kwamba "napanda sita a bila shida" anaweza kuonyeshwa jiwe lisilozidi urefu wa dari, na asiweze hata kuinua miguu yote miwili kutoka ardhini.

Turudi kwenye mwili, maana huko ndiko ubishi mwingi unakotoka. Chukua mshiko mmoja tu: kitundu kwenye jiwe la chokaa, kinachopokea vidole viwili hadi kifundo cha kwanza. Mwenye vidole vyembamba anaingiza vitatu na kupumzika hapo. Mwenye vidole vinene anabanwa na kimoja na nusu, uzito wote unamwelemea kwenye kucha. Kinachofuata ni mshiko ulio juu, mbali kidogo. Mrefu ananyoosha mkono na kuushika miguu ikiwa imetulia. Mfupi analazimika kupandisha mguu hadi karibu na nyonga, ajisukume, aachie ukuta kwa muda mfupi na kuudaka. Wote wawili wamepita hapo hapo, ila kazi waliyoifanya haifanani. Si kwamba ufupi ni hasara kila mahali. Mmarekani Lynn Hill, mwenye urefu wa takriban sentimita 157, ndiye wa kwanza kuipanda njia iitwayo The Nose kwenye ukuta wa El Capitan, huko California, kwa mikono na miguu tu, kamba ikiwa ya usalama pekee, mwaka 1993. Kuna ufa mwembamba ambao vidole vyake vidogo viliupenda. Kuna na sehemu nyingine ambako ufupi ulimlazimisha kubuni mikao yake mwenyewe. Waliofanikiwa kuirudia kazi hiyo kwa miaka mingi baadaye walikuwa wachache mno, warefu kwa wafupi.

Halafu kuna beta. Hivyo ndivyo wapandaji wanavyoita maelezo ya jinsi ya kupita mahali: mkono gani kwanza, mguu wapi, goti libane nini. Beta ikibadilika, daraja linaweza kuanguka. Mwaka 2020 Mjerumani Alexander Megos alimaliza njia iitwayo Bibliographie huko Céüse, Ufaransa, akapendekeza 9c, wakati dunia nzima ilikuwa na njia moja tu iliyopewa daraja hilo. Mwaka uliofuata Mwitaliano Stefano Ghisolfi aliirudia, akiwa amegundua namna rahisi zaidi ya kupita sehemu ngumu, akasema ni 9b+. Megos akakubali. Jiwe halikuguswa, kilichobadilika ni maarifa ya namna ya kulipita.

Si wote humalizana kwa amani namna hiyo. Mwaka 1995 Mfaransa Fred Rouhling alitangaza 9b kwa njia yake Akira, wakati ambapo njia ngumu kabisa zilizokubalika duniani zilikuwa 9a. Watu hawakumwamini, na baadhi walitilia shaka hata kama kweli aliipanda. Miaka 25 ikapita. Mwaka 2020 Wafaransa wawili, Seb Bouin na Lucien Martinez, waliipanda, wakasema ni 9a. Namba ilishuka, lakini 9a kwa mwaka 1995 ni kazi ya watu wachache sana duniani. Binafsi naona huo ni ushindi wa Rouhling, hata kama umekuja kwa mlango wa nyuma.

Na lile la mwamba kuwa ule ule? Si kweli sana. Mshiko huvunjika, na njia ya jana si ya leo. Jiwe la chokaa linalopandwa na wengi husuguliwa na viatu na viganja hadi ling'ae, likawa linateleza. Hali ya hewa nayo ina neno. Siku ya joto viganja vinatoka jasho na chaki ya kuvikaushia inageuka uji. Siku ya baridi kavu, ngozi na mpira wa kiatu vinashika vizuri kuliko kawaida. Wanaosaka njia ngumu huisubiri baridi kwa miezi, na wengine hupanda usiku na taa kichwani. Aliyepanda wakati wa joto na aliyepanda wakati wa baridi wakikutana kulinganisha namba, usitarajie waelewane.

Mwisho kuna moyo wa mtu. Maeneo mengine wenyeji huona fahari kuandika daraja la chini kuliko stahili, mgeni aje apate adabu. Kwingine namba ni za huruma, na njia hizo hujaa watu wikendi, maana kila mmoja anataka kusema amefikisha 7a. Ukimwambia mtu kwamba 7a yake ya kwanza kwa kweli ni 6c+, umemnyang'anya kitu, hata kama umesema kweli. Mimi huona ni heri kunyamaza siku hiyo, useme wiki ijayo.

Waingereza, kwa njia zao za asili ambako mpandaji hupachika vifaa vya usalama mwenyewe ndani ya nyufa, waliamua daraja moja halitoshi. Wanatoa mawili: la kwanza linaeleza uzito wa njia yote, pamoja na hatari na uchovu, la pili linaeleza ugumu wa hatua moja iliyo ngumu kuliko zote. Ukiona daraja la kwanza liko juu na la pili liko chini, jua kwamba hatua zenyewe si ngumu sana, ila ukianguka huenda kuna kitu kibaya kinakungoja chini.

Hiyo ndiyo sababu mpandaji mzoefu akitajiwa namba haridhiki nayo. Anaitumia kuchagua eneo la kuanzia, kisha anauliza mengine: mishiko ni mikubwa au ya kucha? Ukuta umelalia nyuma au umeegemea mbele? Bolti ya kwanza, yaani chuma kilichopachikwa mwambani cha kuwekea kamba, iko umbali gani kutoka ardhini? Jua linaupiga saa ngapi? Na anayempa majibu, ana urefu gani?