Magurudumu makubwa ya nyuma hayasukumi mkokoteni

Mteja mwingine tena, wa upande wa Kisesa, kaniletea picha ya gari la kale la shamba la Marekani, la kukokotwa na wanyama: magurudumu ya mbele madogo, ya nyuma makubwa. Anataka la maksai wake liwe vilevile, "ili ya nyuma yasukume." Sasa naandika, maana nimechoka kueleza.

Hayasukumi. Gurudumu la mbao halina nguvu yake, linakokotwa tu. Wanaosema gari liliinamia mbele, likawa kama linateremka lenyewe, watazame sakafu ya bodi: imelala sawasawa. Ekseli ya mbele iko chini, ila imewekewa mbao nene juu yake mpaka ikalingana na nyuma. Na hata lingeinama, kwenye njia tambarare uzito unashuka ardhini, hauendi mbele.

Ya mbele ni madogo kwa sababu ekseli yake huzunguka kwenye pini wakati wa kukata kona, na gurudumu likiwa kubwa linagonga bodi mapema. Basi. Magari hayo mengi yalikuwa na inchi 44 mbele na 52 nyuma.

Ukubwa wenyewe ndio wenye maana. Chukua gurudumu gumu lililosimama, limebeba kilo 100, mbele yake jiwe la sentimita 10. Likiwa na kipenyo cha sentimita 66, kulipandisha kunataka mvuto wa kilo 103 hivi, zaidi ya mzigo wenyewe! Likiwa na sentimita 132, ambazo ndizo inchi 52, zinatosha kama kilo 62. Shingo za maksai zinaijua tofauti hiyo.

Vitabu huishia hapo, mimi nasita. Gurudumu kubwa ni zito, na linainua mzigo mpaka mkokoteni unapenda kupinduka kwenye mteremko wa ubavuni. Anayepakia magunia ya mpunga naye ana mgongo. Halafu kwenye udongo mweusi wa mbuga kule Misungwi wakati wa masika, bendi nyembamba ya chuma inayozunguka gurudumu inakata tope na kuzama, hata gurudumu liwe refu namna gani. Hapo mimi naongeza upana kabla ya kimo.

Mkokoteni wa magurudumu mawili, kama wa mteja wangu huyu, hauna ekseli ya kukata kona, kwa hiyo yote mawili yanalingana. Mteja nimempimia sentimita 110, bendi pana, kulia na kushoto sawa.