Waifai Imejaa, Intaneti Haipo

"Waifai si imejaa? Basi intaneti ipo." Hili ndilo la kwanza ninaloambiwa kila nikiitwa nyumbani kwa mtu, iwe Michenzani au Chake Chake. Vile vistari kwenye simu vinapima jambo moja tu: simu na ruta, kisanduku kinachorusha waifai, zinasikiana vipi. Chomoa waya unaotoka kwenye modemu, kisanduku kinachopokea intaneti kutoka kwa mtoa huduma, na vistari vitabaki vimejaa vile vile. Nyumba yenye kuta nene za mawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe, huvila vistari, lakini hiyo ni kesi nyengine.

La pili ni kuwa tundu ni tundu, waya ukiingia umeingia. Siyo. Tundu moja nyuma ya ruta limeandikwa WAN au Internet, aghalabu lina rangi yake, na waya wa modemu huingia hapo. Mengine ni LAN, ya vifaa vya ndani. Ukikosea ukauchomeka LAN, mara nyingi nyumba inapata wagawaji wawili wa anwani, yaani namba inayokitambulisha kila kifaa: modemu inagawa na ruta nayo inagawa. Leo simu ya mama inafungua, ya baba inazunguka tu. Kesho kinyume chake, na watu wanaanza kushuku jicho la jirani. Kuna ruta mpya zinazojitambulia tundu zenyewe, lakini usizitegemee kabla ya kusoma kikaratasi chake.

Linalonichosha zaidi ni hili: "Modemu ni modemu, ruta ni ruta." Zamani ndiyo. Siku hizi kisanduku unacholetewa na mtoa huduma mara nyingi kina vyote viwili ndani yake. Wewe ukanunua ruta yako Darajani, ukaiunganisha, na kumbe modemu inajiita 192.168.1.1 na ruta nayo imetoka kiwandani na jina hilo hilo. Ruta ikiona namba zile zile ndani na nje, haijui ipeleke wapi. Taa zote kijani, hakuna kinachofunguka, na ruta inarudishwa dukani kwa kosa lisilo lake. Dawa ziko tatu. Ingia kwenye ruta uibadilishe anwani, mathalani 192.168.50.1. Au iweke ruta kwenye hali ya "access point", ibaki kusambaza waifai tu. Au muombe mtoa huduma aifanye modemu kuwa daraja tupu, ipitishe intaneti tu bila kugawa anwani. Hapo, kama anatumia PPPoE, njia ya kuingia kwenye mtandao wake kwa jina na neno la siri, jina hilo na neno la siri utayajaza kwenye ruta yako.

Kuhusu kuzima na kuwasha, wapo wanaosema ni ujanja wa fundi asiyejua. Lakini baadhi ya modemu hukariri kifaa cha kwanza kilichounganishwa nazo. Jana ilikuwa laptopu, leo umeweka ruta, modemu inaikataa ngeni hii mpaka izimwe isahau. Kwa hiyo washa modemu kwanza, ngoja taa zitulie, dakika mbili hivi, ndipo uwashe ruta.

Kuzima si kuriseti, yaani kukirudisha kifaa kilivyotoka kiwandani, lakini. Jirani yangu alichukua sindano ya kushonea kofia, akaitia kwenye kile kitundu kidogo na kukishikilia. Setingi zote zikafutika, pamoja na lile neno la siri la PPPoE ambalo hakuna aliyeliandika popote. Ilikuwa Ijumaa jioni. Alipata intaneti Jumatatu.

Na chaji: ya 9V na ya 12V zinaweza kuwa na ncha moja. Kifaa cha 12V ukikipa 9V kinaweza kuwaka, kisha kikawa kinajizima na kujiwasha kila saa.

Likishindikana lote hilo, barazani husemwa: "Waya wa baharini huo." Tangu waya wa umeme wa baharini ulipopata hitilafu, Unguja ikakaa bila umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, bahari inasingiziwa kila kitu. Kabla ya kuilaumu, chomoa ruta, unganisha laptopu moja kwa moja na modemu, uizime na kuiwasha modemu. Laptopu ikipata intaneti, tatizo liko kwenye ruta au waya wake. Ikijipa anwani inayoanza na 169.254, maana yake imeomba anwani na haikujibiwa. Badilisha waya kwanza, ule wa shilingi elfu chache, ndipo umpigie simu mtoa huduma.