Kwa nini mikoa inayolisha nchi ndiyo yenye watoto wengi waliodumaa?

Ukisimama Makambako, mkoani Njombe, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, utachoka kuhesabu malori. Mahindi, viazi mviringo, maharage, mbao, siku hizi na parachichi. Kila tunapozungumzia akiba ya chakula nchini, Nyanda za Juu Kusini hutajwa mwanzo.

Sasa tazama hesabu nyingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliwapima watoto wa chini ya miaka mitano ukakuta 30 katika kila 100 wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Njombe walikuwa 50. Rukwa karibu hivyo hivyo. Iringa walikuwa karibu 57, yaani zaidi ya nusu ya watoto. Hakuna mkoa uliowapita hao watatu.

Ghala limejaa, mtoto hakui. Inakuwaje?

Kwanza tuondoe jibu la kijiweni, lile la "sisi huku ni wafupi kwa asili". Vipimo vya ukuaji vinavyotumiwa na Shirika la Afya Duniani vilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, waliolishwa vizuri na kutunzwa vizuri. Ilionekana kwamba hadi miaka mitano watoto hao wanakua karibu sawa, awe wa Accra au wa Oslo. Kwa vipimo hivyo, mvulana wa miaka miwili kamili huwa na urefu wa kama sentimita 87. Akiwa chini ya 81 anahesabiwa amedumaa. Huyo hafanani na mgonjwa: anacheza, anacheka, mashavu yamejaa. Kijijini ambako nusu ya wenzake wako hivyo, nani atashtuka?

Jibu lenyewe lianzie kwenye kikombe cha uji. Tumbo la mtoto wa miezi minane linabeba kama robo lita, basi. Uji wa sembe ukiwa mzito hawezi kuumeza. Ukiongezewa maji unamezeka, ila sasa robo lita ile ni maji yenye unga kidogo. Anashiba bila kula. Bibi zetu walikuwa na dawa yake: kimea, yaani unga wa ulezi au mtama uliooteshwa ukakaushwa. Kijiko kimoja ukikoroga kwenye uji mzito unalegea mbele ya macho yako bila tone la maji. Wataalamu wa lishe wa Tanzania waliufanyia utafiti miaka ya 1980 na kuupigia debe. Leo uliza kimea kijijini, wengi watakwambia ni cha pombe.

Kwa tumbo dogo namna hiyo, mtoto wa mwaka mmoja anahitaji kulishwa mara tatu au nne kwa siku, mbali na ziwa la mama. Na hapo ndipo mambo yanapokwama. Mvua za Novemba na Desemba zikianza, mama anatoka na jembe kabla jua halijatoka. Shamba liko mbali. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba na sufuria ya uji uliopikwa alfajiri. Mama akirudi jioni, amelishwa mara ngapi? Hata ukimpa mama huyo gunia la ziada la mahindi, hujagusa tatizo lake. Alichokosa ni muda: saa mbili tu za mchana za kumlisha mtoto.

Halafu kuna ulanzi. Viongozi wanapenda kuulaumu, na si bure: utomvu huo wa mianzi unaogemwa msimu wa mvua ukiwa bado mtamu hudhaniwa ni kama juisi, na wapo wanaomwonjesha mtoto. Unachacha ndani ya saa chache. Lakini ukimtupia ulanzi mzigo wote, unajisaidia kusahau kwamba mayai, maziwa na maharage ya nyumba hiyo hiyo yameuzwa kulipia mbolea na sare za shule, na nani aliamua yauzwe. Ongeza choo kibovu na kuhara kwa mara kwa mara. Ongeza pia Ukimwi: utafiti wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati taifa zima ni 4.4. Nyuma ya namba hizo kuna bibi wengi wanaolea wajukuu kwa nguvu zilizobaki.

Sasa mweke muuguzi wa zahanati katikati ya yote hayo. Anampima mtoto, anaandika kwenye kadi, anamwambia mama: "Mpe mtoto mlo kamili, umlishe mara kwa mara." Mama anaitikia, "Sawa, nesi." Wote wawili wanajua hakuna kitakachobadilika. Muuguzi hana mamlaka juu ya umbali wa shamba, wala bei ya maharage, wala baba aliyeko kilabuni. Mwenye uwezo juu ya kila kimoja cha hivyo yupo, ila hayupo kliniki.

Hii ndiyo sababu ya kuwakusanya wote kwenye kikao cha lishe cha kijiji: mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, wenyeviti wa vitongoji, mwalimu mkuu, bwana shamba, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, shehe na mchungaji. Na wazo hilo halikuletwa Iringa kutoka nje likiwa limekamilika. Kwa sehemu kubwa lilikomaa hapo hapo.

Mwaka 1983 serikali, kupitia Taasisi ya Chakula na Lishe, ilianza mradi wa lishe mkoani Iringa pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia. Wakati huo Iringa ilikuwa bado na Njombe, Makete na Ludewa ndani yake. Njombe ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Vilianza vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito hapo kijijini, na matokeo hayakukimbizwa wilayani kwanza. Yalijadiliwa na kamati ya kijiji chenyewe: wangapi wameshuka, wa kaya gani, kwa nini, tufanye nini hadi upimaji ujao. Tathmini, uchambuzi, hatua, kisha unaanza tena. Kati ya hatua zilizotokana na mazungumzo hayo ni vituo vya kulelea watoto mchana, ambako walipata uji mama zao wakiwa shambani. Zile saa mbili, zimepatikana.

Hadi 1988 watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo walishuka kutoka kama 56 katika kila 100 hadi 38, na wale wenye hali mbaya kabisa kutoka zaidi ya 6 hadi wapatao 2. Mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliusambaza duniani mwaka 1990, na ambao bado unafundishwa vyuoni kote, umechota mengi kutoka vijiji hivyo. Mwanafunzi wa lishe wa Lima au Dhaka anasoma Iringa bila kujua.

Kwa nini basi Iringa bado iko juu kwenye orodha? Sehemu ya jibu ni ya kiufundi: mradi ulipima uzito, udumavu ni urefu, na urefu ni mkaidi zaidi. Sehemu nyingine inauma. Fedha za mradi zilikwisha, miaka ya Ukimwi ikaingia, na wahudumu wa vijiji waliofanya kazi kwa posho ndogo walikuwa na mashamba yao ya kulima.

Muundo haukufa. Leo kuna kamati za lishe hadi ngazi ya kijiji, kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila robo mwaka, na wakuu wa mikoa husaini mkataba wa lishe. Kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Elfu moja, bei ya soda na andazi.

Mimi ningetazama kitu kimoja siku hiyo ya lishe: karatasi ya matokeo inaelekea wapi jioni. Ikiingia kwenye bahasha ya kwenda halmashauri, tumetoa taarifa. Ikibaki mezani mwenyekiti akauliza, "Hawa saba wa kitongoji cha juu, nani anabaki nao mchana?", hapo kikao kimeanza, na wanaume waliokuwa wamesimama mlangoni itabidi wavute viti.