Mzee Akianguka, Usiseme "Ni Uzee Tu"

Mzee akianguka, wengi humpaka mafuta ya kuchua na mambo yakaishia hapo. Huko Uingereza, taaluma ya tiba ya wazee ilianza kwa kukataa mazoea ya kusema "ni uzee tu". Mwaka 1935 Dkt. Marjory Warren alikabidhiwa, huko London, wazee waliolazwa miaka na miaka wakionekana hawana tiba. Aliwachunguza mmoja mmoja, akawainua, na wengi wakarudi makwao.

Hadi leo anayesomea fani hii hufunzwa kuuliza kwanza: ulikuwa unafanya nini ulipoanguka? Akijibu "nilikuwa ndiyo kwanza nainuka", kitandani kwenda msalani au kutoka sijda ya alfajiri, shuku presha inayoshuka. Mtu akisimama, damu huteremka miguuni. Mishipa ya kijana hujikaza papo hapo, ya mzee hukawia. Hapa Mombasa, joto la Kaskazi humtoa jasho naye kiu haisikii sawasawa. Ongeza dawa ya presha ya kukojoza, ya tezi dume au ya usingizi, kizunguzungu kimepata njia.

Kumpima ni rahisi, ila hukosewa sana. Alale chali dakika 5, apimwe. Asimame, mtu akiwa kando yake, apimwe tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, tatizo lipo. Akipimwa amekaa tu, halionekani. Mkono ukining'inia, mashine husoma juu kuliko ukweli na kuficha mshuko, kwa hiyo ushikiliwe usawa wa moyo, bila mkono wa kanzu chini ya kitambaa cha mashine.

Kisha mwangalie akitembea: ainuke kitini, aende mita 3 kwa mwendo wake, ageuke, arudi, akae. Sekunde 12 au zaidi ni dalili ya hatari. Tazama hasa anapogeuka. Hapo ndipo wengi hupepesuka.

Msimwachishe dawa wenyewe. Pelekeni kwa daktari mfuko wa dawa zote, za miti shamba pia. Kabla ya kusimama, aketi ukingoni mwa kitanda dakika 1 au 2 akichezesha vifundo vya miguu. Na aliyegonga kichwa huku anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, afikishwe hospitali mara moja, hata akisema hajambo: damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu.