Kumzoesha Kinda wa Nyoka Gata Vyakula Vipya: Dhana Potofu na Ukweli

Nyoka gata, wa jenasi ya Thamnophis, ni wenyeji wa Amerika ya Kaskazini na ya Kati, kuanzia Kanada hadi Kosta Rika. Hawatagi mayai bali huzaa watoto hai, mara nyingi kati ya 10 na 40 kwa uzazi mmoja, na kila mtoto hutoka akiwa mwembamba kuliko penseli na mwenye uzito wa gramu chache tu. Mfugaji aliyekwenda kulala akiwa na nyoka mmoja mwenye mimba anaweza kuamka na vinywa thelathini vya kulisha, ambavyo vingi hukubali nyungunyungu na kukataa kila kitu kingine. Hapo ndipo ushauri wa kila namna unapoanza kumiminika, na sehemu yake huua.

"Kinda anayekataa chakula kipya ni mkaidi."

Ukaidi haumo kabisa katika jambo hili. Nyoka gata hutambua chakula hasa kwa ulimi, ambao hukusanya chembechembe za harufu na kuzipeleka kwenye ogani ya Jacobson, kiungo cha kunusia kilicho juu ya kaakaa. Katika miaka ya 1960 mtafiti Gordon Burghardt wa Marekani aliwapa nyoka wachanga, ambao hawajawahi kula chochote, vijiti vya pamba vilivyochovywa katika maji yenye harufu za mawindo mbalimbali, na wakaishambulia pamba iliyobeba harufu ya chakula cha asili cha aina yao. Mwaka 1977 Stevan Arnold alieleza jambo la ajabu zaidi kuhusu Thamnophis elegans wa California: nyoka wa pwani, ambako konokono wasio na gamba ni wengi, huwala bila kusita, ilhali wengi wa wale wa bara, ambako konokono hao hawapo, huwakataa, na tofauti hiyo huonekana hata kwa watoto waliozaliwa kizuizini. Kwa hiyo kinda anayekipita kipande cha panya hakatai chakula. Kwake kile si chakula hata kidogo, kwa sababu hakinuki kama chakula.

Nimewahi kumtazama kinda mmoja akitambaa juu ya kipande cha panya mchanga mara nne bila kukijali. Kipande kilekile kilipopakwa ute wa nyungunyungu aliyekatwa, alisimama ghafla, ulimi ukaanza kutoka na kurudi kwa kasi, kisha akainamisha kichwa upande na kukidaka kwa pembe ya taya. Kipande hakikubadilika umbo wala rangi, kilichobadilika ni harufu peke yake.

"Mwache na njaa, mwisho atakula utakachompa."

Ushauri huu humfaa nyoka mzima mwenye akiba ya mafuta, ambaye anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na asidhurike. Kinda hana akiba hiyo. Kiini cha yai alichozaliwa nacho tumboni humtosha kwa siku chache za mwanzo, na baada ya hapo kila siku anayokaa bila kula humpunguzia nguvu ya kuwinda na hata ya kumeza, hivyo anayesubiri njaa ifanye kazi huishia kuwa na nyoka dhaifu ambaye sasa hawezi kula hata kile alichokipenda. Njia iliyo salama ni kumlisha kinda chakula anachokikubali, kila baada ya siku mbili hivi, na kumjaribu kwa chakula kipya mwanzoni mwa mlo, akiwa na hamu, kisha kumpa kile alichokizoea iwapo atakataa. Kabla ya yote hakikisha pia kwamba upande wa joto wa kizimba unafikia nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi, kwa kuwa nyoka aliyepoa hana hamu ya chochote, na usimhukumu kinda aliye karibu kujivua gamba.

"Ukishapaka harufu mara moja, kazi imekwisha."

Kupaka harufu ni ngazi, nayo hupandwa hatua kwa hatua. Panya mchanga aliyeyeyushwa barafu huoshwa kwanza kwa maji na kukaushwa ili harufu yake mwenyewe ipungue, hukatwa vipande vinavyoenea kinywani, kisha husuguliwa kwa nyungunyungu au samaki hadi vilowe ute. Baada ya milo kadhaa iliyokubaliwa, ute hupunguzwa kidogo kidogo mpaka kipande kiliwe kikiwa kitupu. Njia nyingine, ambayo naipenda zaidi kwa makinda waoga, ni kukatakata nyungunyungu na samaki pamoja katika kisahani kimoja, kwa sababu kinda aliyekwisha kuanza kumeza humeza pia kile kilichoshikamana na alichokitaka, na harufu ile ngeni huanza kuhusishwa na shibe.

"Nyungunyungu ni nyungunyungu tu."

Minyoo myekundu ya mboji, Eisenia fetida, hutoa majimaji ya manjano yenye harufu mbaya na protini iitwayo lisenini, ambayo hutoboa seli za wanyama wenye uti wa mgongo. Isitumiwe kabisa, hata kwa kupaka harufu. Nyungunyungu wakubwa wa udongoni, waliotoka mahali pasipopuliziwa dawa, ndio wanaofaa.

"Nyoka mdogo ale nyenje."

Nyoka gata si mla wadudu. Mawindo yake ya asili ni nyungunyungu, ruba, konokono wasio na gamba, samaki, vyura na viluwiluwi, na mara chache panya wachanga. Nyenje aliyeachwa ndani ya kizimba hawi mlo, na anaweza kumng'ata kinda usiku kucha.

"Samaki yeyote anafaa, mradi amegandishwa kwanza."

Hili ndilo kosa linalonihuzunisha kuliko mengine, kwa kuwa hufanywa na watu wanaojali sana. Kugandisha samaki kwa muda wa kutosha husaidia kuua vimelea, na ni desturi njema. Lakini samaki wa dhahabu, samaki aina ya kapu (carp) na jamaa zao wengi wana kimeng'enya kiitwacho thiaminasi, ambacho huvunja vitamini B1, na baridi ya friza haikiharibu. Ni joto la kupika linalokiharibu. Kinda anayelishwa samaki hao mlo baada ya mlo huonekana mzima kwa muda, kisha huanza kuyumba, hushindwa kujigeuza anapolazwa chali, na hatimaye hupatwa na mitukutiko. Anayeonyesha dalili hizo apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa, kwani akipewa vitamini B1 mapema anaweza kupona. Samaki aina ya gapi (guppy), trauti na samoni ni chaguo salama zaidi. Samaki mdogo mzima hushinda minofu, maana minofu haina mifupa, na bila mifupa kinda hukosa kalisi.

"Walishwe pamoja, washindane, watajifunza haraka."

Makinda wawili wakishika ncha mbili za nyungunyungu mmoja, hakuna anayeachia, na vichwa vikikutana katikati, mwenye kinywa kikubwa huendelea kummeza ndugu yake. Kila mmoja awe na kisanduku chake wakati wa mlo, nawe ubaki ukitazama mpaka chakula kimezwe.

"Akishakubali panya, hatarudi nyuma."

Wengi hurudi nyuma, hasa baada ya kujivua gamba au kuhamishiwa kizimba kipya, na kinda aliyekula panya mtupu kwa mwezi mzima huweza kumpita siku moja kana kwamba hajawahi kumwona. Hapo shuka ngazi moja tu: rudisha ute kidogo wa nyungunyungu au samaki juu ya kipande, sogeza kipande polepole kwa kibano mbele ya ulimi wake, na usimwekee kinywani kwa nguvu. Ulimi ukiisha kukichunguza na kichwa kikatulia kikielekea kipande, tulia nawe pia, kwa sababu mkono unaotikisika wakati huo humfukuza.