Bustani ya umma kwenye hifadhi ya maji ya kunywa: maana yake

Ni eneo la mapumziko lililobuniwa kandokando, au hata juu, ya bwawa au tangi linalohifadhi maji yanayokwenda kwenye mabomba ya mji. Mamlaka za maji huwa na ardhi kubwa, mara nyingi kilimani ili maji yashuke yenyewe, na wakazi wa mjini hawana pa kunyooshea miguu.

Swali la kwanza la mbunifu ni moja tu: maji haya yameshatibiwa au bado ni ghafi?

Yakiwa ghafi, watu wanaweza kusogea kwa kiasi, maana mtambo wa kutibu bado uko mbele. Kazi kubwa hapo hufanywa na ukanda wa miti na nyasi, unaozuia mvua isisombe mbolea, oili za magari na kinyesi cha mbwa hadi bwawani. Watanzania wanaujua ukanda huo kwa jina la "mita 60", kutokana na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Vyoo na maegesho hupelekwa upande ambao mteremko hauelekei majini.

Yakiwa yameshatibiwa, mambo ni mengine kabisa, kwani kinachofuata ni kikombe cha mtu. Hata jua ni adui. Mwaka 2007 Los Angeles iligundua kwamba mwanga wa jua, klorini (dawa ya kuua vijidudu) na bromidi (chumvi ya asili iliyomo majini) vilikuwa vimezalisha bromati, kemikali inayohofiwa kuleta saratani, kwenye hifadhi zake za wazi. Mwaka uliofuata wakamwaga mipira myeusi ya plastiki ipatayo 400,000 katika hifadhi ya Ivanhoe ili kulizuia jua. Ilifanya kazi, ila sidhani kuna aliyetandika mkeka pale kufurahia mandhari.

Njia bora zaidi, kwa maoni yangu, ni ya Seattle: hifadhi ya Lincoln, ya mwaka 1901, iligeuzwa tangi la chini ya ardhi, na mwaka 2005 bustani ya Cal Anderson ikafunguliwa juu yake. Bustani za namna hii zina masharti yake. Paa la tangi halibebi udongo wa kina kirefu, kwa hiyo nyasi hutawala na miti mikubwa hupandwa pembeni, mizizi isije ikapasua zege. Matundu ya hewa na mifuniko hufungwa kwa kufuli.

Katika Central Park, New York, hifadhi ya 1862 iliacha kuhudumia mji mwaka 1993. Kwa kuwa maji yake hayakuwa tena ya kunywa, uzio mrefu wa waya uliondolewa mwaka 2003, ukawekwa mfupi wa chuma.