Marejeo hewa

Alikuja kaunta ya maktaba asubuhi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na karatasi mbili mkononi: orodha ya marejeo ya utafiti wake kuhusu ajira katika mashamba ya mkonge. Msimamizi wake alikuwa amezungushia marejeo saba kalamu nyekundu na kuandika pembeni, "Haya sijayaona popote. Nenda maktaba."

Tukakaa kwenye kompyuta, tukaanza na la kwanza. Jarida lipo, toleo lipo. Tulipofungua ukurasa uliotajwa tukakuta makala ya magonjwa ya mihogo. La pili, mwandishi ni mtu wa kweli na mkonge anaujua vizuri, ila makala yenye kichwa kile hajawahi kuiandika. Hadi saa sita mchana tulikuwa tumemaliza yote saba. Hakuna lililosimama.

"Lakini mwalimu, ChatGPT imenipa mpaka namba za kurasa!"

Mimi nayaita marejeo hewa. Wanaokumbuka mwaka 2016, serikali ilipokuwa inasaka wafanyakazi hewa, watanielewa: jina limo kwenye orodha, namba anayo, mshahara unatoka, ukienda ofisini unakuta kiti kitupu.

Zana za akili mnemba kama ChatGPT, iliyofunguliwa kwa umma Novemba 2022, zimelishwa maandishi mengi mno zikajifunza neno gani huelekea kufuata lipi. Ukiiomba rejeo bila kuielekeza itafute popote, haiendi kabatini. Inatunga kitu chenye sura ya rejeo: jina la kitaalamu, mwaka, mabano, kurasa. Siku hizi nyingine hupekua mtandaoni kwanza na kukupa kiungo. Afadhali, lakini kiungo nacho hufunguliwa kikasomwa. Mwaka 2023 mawakili wa New York walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT, na mmoja wao alikuwa na zaidi ya miaka 30 kazini. Kwa hiyo kijana wetu asijione mjinga peke yake.

Tena hayo marejeo yalinisumbua kidogo kuliko tulichokikuta sura ya nne. Alikuwa amewahoji wafanyakazi wastaafu upande wa Muheza, akaandika mahojiano yote, akayamwaga kwenye zana ili imfupishie. Mzee mmoja alikuwa amesema: "Korona ilipokufa, tukarudishwa nyumbani." Muhtasari ukasema wafanyakazi walipoteza ajira kutokana na mlipuko wa UVIKO-19.

Aliyekulia karibu na shamba la mkonge hapa Tanga ameshacheka. Korona ni ile mashine kubwa inayochakata majani na kuacha nyuzi. Mzee alikuwa anasimulia miaka ya 1980, mkonge ukiwa unaporomoka na kamba za plastiki zimeshika soko. Zao hili lipo huku tangu 1893 na lina msamiati wake, ila sehemu kubwa ya msamiati huo iko midomoni mwa watu, haijaandikwa. Zana ilichukua maana ya neno iliyokutana nayo mara nyingi zaidi. Kiswahili chenyewe imekisoma kidogo ukilinganisha na Kiingereza, sembuse Kiswahili cha shambani. Huko kote mwanafunzi alikuwa amefika mwenyewe, kwa miguu yake, na maneno ya mzee alikuwa nayo kwenye daftari. Muhtasari hakuulinganisha nayo.

Kuna na hili. Yale mahojiano yalikuwa na majina kamili na namba za simu. Mzee alikubali kuongea na mwanafunzi wa chuo, hakukubali maneno yake yaende kwenye kompyuta za kampuni asiyoijua. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Futa majina, simu, namba za kitambulisho cha taifa (NIDA), na kijiji pia kama ni kidogo kiasi cha mtu kutambulika, kabla hujabandika chochote popote.

Wahadhiri nao nina neno nao. Programu zinazodai kunusa maandishi ya akili mnemba zisiwe hakimu. OpenAI, wenye ChatGPT, waliiondoa ya kwao Julai 2023 kwa sababu haikuwa na usahihi wa kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walijaribu programu saba kwa insha 91 za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa za mashine. Sasa fikiria mwanafunzi wetu aliyeanza na Kisambaa, akaja Kiswahili, Kiingereza akakikuta sekondari. Badala ya kumpa sifuri kwa asilimia ya programu, mwite ofisini akueleze kazi yake. Dakika kumi zinatosha kujua nani kaandika.

Mimi mwenyewe nazitumia. Hunisaidia kunyoosha sarufi ya Kiingereza, na wanafunzi nawaambia waziombe ziwaulize maswali usiku wa kuamkia mtihani. Ukizitumia kwenye kazi ya chuo, sema, kwenye sura ya mbinu, kwa sentensi moja tu: "Nilitumia ChatGPT kusahihisha sarufi ya sura ya pili, uchambuzi na marejeo ni yangu na nimeyahakiki." Ila iwe kweli umehakiki.

Yule kijana alirudi Muheza Jumamosi, akakaa tena na mzee. Marejeo saba tuliyafuta, tukapata matatu ya kweli, moja likiwa ripoti iliyokuwa rafu yetu ya nyuma imejaa vumbi. Mwingine mwenye wasiwasi na orodha yake aje kaunta kabla ya kuipeleka kazi steshenari kufungwa jalada. Mwaka jana wawili walinijia na jalada gumu tayari, majina yao kwa herufi za dhahabu.